Somo la Tano: Minyoo wa Mbwa na Paka katika Milima ya Usambara

Mbwa wa Lushoto hafugwi kwa ajili ya pambo. Katika vijiji vya Mlalo, Mtae, Soni na Bumbuli hulala shambani mahindi yanapokomaa ili awafukuze nguruwe pori na nyani, na arudipo nyumbani hulinda zizi. Paka naye ana kazi yake: hulinda ghala la mahindi na maharage dhidi ya panya, na katika wilaya iliyoandamwa na tauni kwa zaidi ya miaka ishirini tangu mwaka 1980, hakuna anayehitaji kuelezwa ubaya wa panya ndani ya nyumba. Pamoja na hayo, wanyama hawa wawili ndio wa mwisho kukumbukwa katika matumizi ya kaya. Ng'ombe wa maziwa hupewa dawa ya minyoo kwa ratiba. Mbwa hupewa pale tu anapoonekana kukonda, na paka mara nyingi hapewi kabisa.

Somo hili limekusudiwa kwa kaya yenye mbwa au paka, na kwa mnunuzi anayesimama mbele ya kaunta ya duka la dawa za mifugo bila kujua aulize nini. Limeandikwa pia kwa ajili ya watoto wa kaya hiyo, kwa kuwa baadhi ya minyoo wanaoelezwa hapa huwadhuru binadamu, na mtoto anayecheza chini ndiye hupatwa kwanza.

Minyoo duara

Mnyoo anayepaswa kufahamika kuliko wote ni mnyoo duara wa mbwa, aitwaye kitaalamu Toxocara canis, pamoja na ndugu yake wa paka, Toxocara cati. Ni mrefu, mweupe au wa rangi ya maziwa, na hufanana na uzi mnene wa tambi zilizopikwa. Huishi katika utumbo mwembamba na hula chakula ambacho mnyama amekwisha kula. Mnyoo jike mmoja huweza kutaga mayai zaidi ya 100,000 kwa siku moja. Mayai hayo hutoka na kinyesi, hayaonekani kwa macho, na yakiwa mapya hayaambukizi. Huhitaji wiki mbili hadi nne udongoni, kutegemea joto na unyevu, ili lava akomae ndani ya yai. Baada ya hapo yai huweza kukaa tayari kwa miezi mingi, na hata kwa miaka, mahali penye kivuli na unyevu.

Hapa ndipo mazingira ya Usambara yanapohusika. Wapo wanaoamini kwamba baridi ya Lushoto, hasa ile ya Juni hadi Agosti, huua vijidudu vya ardhini. Kwa mayai ya minyoo duara imani hiyo haina msingi. Baridi ya milimani hupunguza kasi ya kukomaa kwa yai, lakini haiui lililomo ndani yake. Kinachoua mayai ni jua kali na ukavu wa muda mrefu, na udongo ulio chini ya migomba na miti ya kivuli haupati hivyo viwili. Kwa sababu hiyo ua wenye mbwa mmoja asiyetibiwa huendelea kuwa na mayai hata baada ya mbwa huyo kufa au kuhamishwa.

Jambo la pili kuhusu mnyoo huyu huwashangaza wafugaji wengi: mtoto wa mbwa huzaliwa naye. Mbwa mkubwa anapomeza mayai, lava wengi hawafiki utumbo wakakua. Huhama na kujificha katika misuli na viungo vingine, wakalala humo kwa muda mrefu bila kuleta dalili yoyote. Mbwa jike akishika mimba, lava hao huamka na kupita katika kondo la nyuma hadi kwa watoto walio tumboni, na wengine hupita katika maziwa baada ya kuzaa. Watoto wa mbwa wakifikia umri wa wiki tatu hivi wanaweza kuwa wameanza kutoa mayai katika kinyesi chao. Mama yao anaweza kuwa amenona, manyoya yake yanang'aa, na kinyesi chake kikipimwa hakionyeshi kitu. Ndiyo maana kauli ya kwamba “mama yao ni mzima, kwa hiyo watoto hawahitaji dawa” haikubaliki hata kidogo. Kwa paka hali hutofautiana kidogo: watoto hawaambukizwi wakiwa tumboni, bali hupata lava kupitia maziwa.

Minyoo wa safura na minyoo mjeledi

Minyoo wa safura ni wafupi, lakini ni wanyonya damu. Hung'ata ukuta wa utumbo, hunyonya, kisha huhamia mahali pengine na kuacha kidonda kinachoendelea kuvuja. Mtoto wa mbwa aliyepata wengi kupitia maziwa ya mama huweza kufa kwa upungufu wa damu akiwa na wiki chache tu, pengine kabla yai lolote halijaonekana katika kinyesi chake. Mayai ya mnyoo huyu huanguliwa nje, na lava wake huweza kupenya ngozi moja kwa moja. Hupenda joto na unyevu pamoja, hivyo wafugaji wa Mombo na Mazinde, chini ya milima, wana sababu ya kumhofia zaidi kuliko wa Lushoto mjini. Hata hivyo mbwa husafiri na wenyeji wake, na mtoto wa mbwa aliyenunuliwa bondeni hupanda mlimani na minyoo wake.

Minyoo mjeledi huishi katika utumbo mpana wa mbwa na huleta kuhara kwa vipindi, kinyesi kikiwa na ute na damu kidogo. Itoshe kusema kwamba si kila dawa humuua, na kwamba mbwa anayeharisha mara kwa mara licha ya kupewa vidonge apelekwe kwa daktari wa mifugo.

Tegu, viroboto na kichwa cha mbuzi

Mfugaji akiona chini ya mkia wa mbwa, au mahali paka alipolala, vitu vidogo vyeupe mithili ya punje za mchele au mbegu za tango, baadhi vikijikunjakunja, hivyo ni vipande vya tegu. Tegu wa kawaida huambukizwa kwa kiroboto. Lava wa kiroboto hula mayai ya tegu. Kiroboto hukua akiwa na tegu mchanga ndani yake. Mbwa au paka anapojikuna kwa meno humeza kiroboto, na mzunguko huanza upya. Kwa hiyo kutibu tegu bila kuondoa viroboto ni kazi ya kurudia kila mwezi. Watoto wadogo nao wakimeza kiroboto kwa bahati mbaya hupata tegu huyo huyo, ingawa madhara yake kwao huwa madogo. Inafaa kuongeza kwamba kaya inayopiga vita viroboto hujipatia faida nyingine, kwani viroboto ndio walioeneza tauni katika milima hii.

Paka mwindaji hupata tegu wa aina nyingine kutoka kwa panya anaowala. Haiwezekani kumzuia paka kula panya, na hakuna anayetaka kumzuia. Basi paka wa ghalani apewe dawa ya tegu kila baada ya miezi mitatu.

Kundi la tatu la tegu hutokana na nyama mbichi, nalo ndilo lenye hatari kubwa zaidi. Mbwa akila ubongo wa mbuzi au kondoo wenye malengelenge ya tegu, hukuza tegu tumboni mwake na kumwaga mayai malishoni. Mbuzi au kondoo anayeyala mayai hayo hupata uvimbe wa maji katika ubongo, akaanza kuzunguka mahali pamoja, akainamisha kichwa upande, na mwisho hufa. Wafugaji wa Kimaasai huufahamu ugonjwa huo wa kizunguzungu kwa jina la ormilo. Anayetupa kichwa cha mbuzi kwa mbwa wake huenda analisha ugonjwa utakaorudi zizini kwake.

Tegu mwingine, mdogo sana kwa umbo, hupatikana mbwa anapokula mapafu au maini mabichi yenye malengelenge ya maji. Mayai yake yakimwingia binadamu, malengelenge hayo hukua ndani ya ini au mapafu yake polepole kwa miaka, na mara nyingi tiba yake huhitaji upasuaji. Turkana, kaskazini mwa Kenya, ni miongoni mwa sehemu za dunia zilizoathirika sana, na sababu kubwa ni ukaribu wa watu na mbwa wanaokula mabaki ya machinjo. Lushoto si Turkana. Lakini siku za Idi na Krismasi, kaya nyingi zinapochinja nyumbani bila mkaguzi wa nyama, tabia ya kumrushia mbwa kila kilichokataliwa na mwanadamu ni ile ile. Viungo vyenye malengelenge vifukiwe kwenye shimo refu au viteketezwe, na viungo vingine vichemshwe vizuri kabla mbwa hajapewa.

Dalili

Mtoto wa mbwa mwenye minyoo mingi huwa na tumbo la duara, na watu husema ameshiba. Mfugaji aangalie mgongo na mbavu: tumbo likiwa kubwa huku mgongo umechongoka, hiyo si shibe. Manyoya hukosa mng'ao, mnyama hutapika au kuharisha, na pengine hukohoa kwa kuwa lava hupitia mapafu. Kwa safura, funua mdomo utazame fizi. Fizi za mbwa mzima ni za rangi ya waridi. Zikiwa nyeupe kama karatasi na kinyesi ni cheusi kama lami, mnyama huyo apelekwe kwa mtaalamu siku hiyo hiyo. Mnyama mkubwa huweza asionyeshe dalili yoyote, na ndiyo sababu ratiba ni muhimu kuliko dalili.

Ratiba ya dawa

Watoto wa mbwa waanze kupewa dawa wakiwa na umri wa wiki mbili, kisha warudiwe katika wiki ya nne, ya sita na ya nane. Baada ya hapo wapewe mara moja kila mwezi hadi watimize miezi sita. Watoto wa paka huanza wiki ya tatu na kurudiwa kila baada ya wiki mbili hadi waachishwe kunyonya, kisha kila mwezi hadi miezi sita. Mama anayenyonyesha apewe dawa pamoja na watoto wake. Mbwa na paka wakubwa wapewe angalau mara nne kwa mwaka. Njia rahisi ya kukumbuka ni kuoanisha dozi na kalenda ya kilimo: kabla ya masika, baada ya masika, kabla ya vuli na baada ya vuli.

Wafugaji huuliza kwa nini dawa haikai. Jibu ni kwamba dawa nyingi za minyoo huua waliomo utumboni siku hiyo kisha hutoka mwilini. Hazimkingi mnyama dhidi ya yai atakalolimeza kesho. Vivyo hivyo, chanjo ya kichaa cha mbwa inayotolewa katika kampeni za halmashauri haiui minyoo. Ni chanjo ya lazima, lakini ni jambo jingine.

Dozi hutolewa kwa uzito, na kukisia uzito ndiko chanzo cha makosa mengi. Mzani haukosekani katika wilaya inayopima viazi, karoti na kabichi kila siku ya gulio. Mfugaji asimame juu ya mzani akiwa amembeba mbwa, kisha asimame peke yake. Tofauti ndiyo uzito wa mbwa. Vidonge vingi vya mchanganyiko vya mbwa hupangwa kidonge 1 kwa kilo 10. Mbwa wa kilo 15 basi hupewa kidonge kimoja na nusu, na mtoto wa kilo 2 na nusu hupewa robo. Kwa watoto wadogo zaidi dawa ya maji ni bora, kwani hupimwa kwa sirinji isiyo na sindano. Fuata maelezo ya pakiti uliyonunua, maana nguvu za vidonge hutofautiana.

Kununua dawa

Majina ya dawa huchapishwa kwa tahajia ya Kiingereza, lakini matamshi yake hayako mbali na haya. Pairanteli huua minyoo duara na minyoo wa safura. Fenbendazoli huua hao pamoja na minyoo mjeledi, nayo kwa kawaida hutolewa siku tatu mfululizo, si mara moja. Prazikwanteli ndiyo dawa ya tegu. Mnunuzi aliyeona vipande vya tegu, akauziwa pairanteli peke yake, amepoteza fedha zake. Na fenbendazoli haifai kwa tegu anayetokana na viroboto. Mweleze muuzaji ulichokiona, kisha uliza dawa hiyo inaua minyoo gani.

Kabla ya kulipa, soma pakiti. Iwe na jina la kiambato hai na kiasi chake, aina ya mnyama aliyekusudiwa, namba ya toleo, tarehe ya mwisho wa matumizi, na jina la mtengenezaji. Dawa za mifugo, kama zilivyo za binadamu, husajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, na mnunuzi ana haki ya kuuliza kama dawa anayouziwa imesajiliwa. Kidonge kilichokatwa kutoka katika karatasi yake kiasi kwamba jina na tarehe havisomeki, kisinunuliwe, hata kikiuzwa nusu bei. Vivyo hivyo dawa zilizoanikwa juani kwenye mkeka wa gulio. Daima dai risiti. Ukishuku dawa, usiitupe: ihifadhi na pakiti yake, utoe taarifa kwa afisa mifugo wa kata au kwa ofisi ya TMDA. Anayejitangaza kuwa daktari wa mifugo anapaswa kuwa amesajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania, chini ya Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003.

Dawa ya ng'ombe si dawa ya mbwa

Katika kaya zenye ng'ombe wa maziwa, chupa ya sindano ya ivamektini ya asilimia 1 huwa karibu, na kishawishi cha kumchoma mbwa ni kikubwa. Tufanye hesabu. Chupa hiyo ina miligramu 10 katika kila mililita, na dozi ya ng'ombe ni mililita 1 kwa kilo 50. Mtoto wa mbwa wa kilo 5 akichomwa mililita 1, amepata mara kumi ya kiasi anachopewa ng'ombe kwa kila kilo ya mwili. Anaweza kuyumba, kutokwa mate, kutetemeka, kupofuka na kuzimia. Mbwa wa jamii ya Collie na mahuluti wake hudhurika hata kwa kiasi kidogo zaidi. Juu ya yote hayo, ivamektini haiui tegu. Albendazoli ya mbuzi na kondoo nayo huweza kudhuru uboho wa mbwa na paka, na levamisoli huleta sumu kiasi kinapozidi kidogo tu.

Paka anahitaji onyo la peke yake. Dawa za kuogesha ng'ombe na dawa za viroboto vya mbwa zenye pemethrini humuua paka, kwa kuwa ini lake haliwezi kuivunja sumu hiyo. Hata paka anayelala juu ya mbwa aliyepakwa dawa hiyo muda mfupi uliopita huweza kudhurika. Kwa paka itumike dawa iliyoandikwa paka, basi. Tumbaku, ambayo baadhi ya watu huitumia kufukuza minyoo, ni sumu kwa wanyama hawa wote wawili, na kitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu yao.

Ua, bustani na watoto

Kinyesi cha mbwa kiokotwe kila siku kwa jembe au koleo na kitupwe chooni au kufukiwa mbali na chanzo cha maji. Kwa kuwa yai la mnyoo duara halikomai kabla ya wiki mbili hivi, anayeokota kila siku huondoa hatari kabla haijazaliwa. Kinyesi hicho kisichanganywe na samadi ya ng'ombe. Lushoto hulisha masoko ya Tanga na Dar es Salaam kwa mboga, na karoti au majani ya saladi huliwa mabichi. Bustani inayorutubishwa kwa kinyesi cha mbwa hupeleka mayai mbali na kijiji kilipotoka. Dawa za kawaida za kuua vijidudu haziui mayai haya. Maji yanayochemka huyaua, hivyo yamwagwe kwenye sakafu ya saruji na mahali mbwa alipozalia. Mboga zioshwe kwa maji mengi yanayotiririka.

Mtoto anayemeza mayai yaliyokomaa hakuzi minyoo tumboni. Lava huanguliwa na kutangatanga katika ini, mapafu, na pengine jicho. Mtoto mwenye homa za mara kwa mara, kikohozi cha kubana na maumivu ya tumbo, anayeishi na mbwa wadogo au mwenye tabia ya kula udongo, mzazi amweleze tabibu habari hiyo, maana tabibu hataikisia. Mtoto anayelalamika kwamba jicho moja halioni vizuri, au mwenye doa jeupe katika mboni au kengeza la ghafla, apelekwe hospitali bila kuchelewa, kwa kuwa dalili hizo huweza pia kuwa za saratani ya jicho. Lava wa safura wa mbwa na paka hutambaa chini ya ngozi ya mguu na kuacha mstari mwekundu unaowasha. Si funza, na hautolewi kwa sindano. Mtoto avae viatu, na anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula na baada ya kucheza na mbwa.

Kupima kinyesi

Anayetaka uhakika kabla ya kununua dawa anaweza kupima kinyesi cha mnyama wake. Chukua sampuli mbichi ya ukubwa wa ncha ya kidole gumba, isiyogusa udongo, uiweke katika kopo safi lenye kifuniko, uandike jina la mwenye mnyama, umri wa mnyama na tarehe. Isikae juani. Mkabidhi afisa mifugo wa kata asubuhi hiyo hiyo, au mwulize namna ya kuipeleka katika kituo cha Tanga cha Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania, TVLA. Kwa mbwa wadogo wasiofikia wiki nane, usisubiri majibu ya kipimo. Waanzishiwe dawa kwa ratiba iliyoelezwa hapo juu.